Kopo la Uso wa Kununa

Mtu aliyeitwa Kamba alikuwa na vidole vinane na nusu. Kimoja kilikatika katika mwaka wake wa tatu machinjioni, kamba ilipokaza ghafla kati ya mguu wa fahali na pete ya chuma iliyochimbiwa sakafuni, kidole kikiwa katikati. Nusu ya kingine ilikwenda na pembe. Mbavu zake mbili zilivunjika zikaunga vibaya, hata akicheka alilazimika kujishika ubavu. Hakucheka mara nyingi.

Kazi yake ilikuwa kumwangusha ng'ombe. Kwa miaka ishirini na miwili aliingia kila asubuhi katika ukumbi ule wa saruji wenye mtaro wa damu katikati, akatupa kitanzi kwenye miguu ya mbele ya mnyama, akapitisha kamba kwenye pete, na wanaume wanne wakavuta. Mnyama haanguki kwa hiari. Anarusha kichwa, anapiga mateke, anateleza kwenye damu ya mwenzake aliyemtangulia, na akianguka haangalii mguu wa nani uko chini. Katika ukumbi ule hapakuwa na mtu mzima asiyechechemea au asiye na kovu.

Kaka yake, ambaye ndiye aliyemwingiza kazini, alifia palepale. Pembe iliingia kinenani ikamwinua, akaning'inia juu ya kichwa cha fahali huku akilishika sikio la mnyama kwa mikono miwili kama mtu anayemnong'oneza. Aliyekuwa ameshika kamba siku hiyo ni mdogo wake, Kamba mwenyewe. Walizika kesho yake adhuhuri, na keshokutwa asubuhi Kamba alikuwa kazini, kwa sababu hakujua kazi nyingine.

Ndiyo maana asidhani mtu kwamba Kamba alikichukia kile kizimba. Alikipenda kuliko wote, na hapo ndipo kosa lake linapoanzia.

Kizimba kililetwa na watu wa chuo. Kilikuwa sanduku refu la vyuma lenye nafasi ya mnyama mmoja. Ng'ombe anaingia, mlango wa nyuma unashuka, mtu aliyesimama ubavuni anavuta wenzo, na vyuma viwili vinabana shingo. Mchinjaji anafanya kazi yake mara moja. Kisha mlango wa pembeni unafunguliwa na mzoga unateremka wenyewe. Hakuna kitanzi, hakuna kuvutana.

Siku ya kwanza mkuu wa mradi, mtu mwenye viatu vinavyong'aa na tabasamu lisilochoka, alisimama juu ya kreti akawahutubia.

"Utafiti wa siku hizi umehama," alisema. "Zamani mtaalamu alibuni chombo ofisini, akakileta kimeshaiva, nanyi mkakiweka stoo. Sasa tunabuni pamoja, hapahapa kazini, na watu watakaokitumia. Tunaita maabara hai. Hapa mtaalamu ni wewe mwenye kisu."

Mpasuaji wa mizoga, jitu la mabega mapana waliloliita Shoka, aliinua mkono. "Bosi, naomba kuuliza. Kama hapa ni maabara, panya ni nani?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mkuu wa mradi naye alicheka, akashuka kwenye kreti.

Aliyebaki nao kila siku alikuwa mhandisi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkimya, ambaye futi ya kupimia haikumtoka mkononi. Alipima urefu wa mikono ya wavutaji, akapima upana wa pembe, akapima hata hatua ya mtu anayeruka mtaro. Wakamwita Bi Futi. Tofauti na mkuu wake, yeye alisikiliza. Walipomwambia sakafu ya kizimba inateleza, kesho yake alikuja na mabati yenye meno akayapigilia mwenyewe, magoti yake yakiwa ndani ya maji ya damu. Walipomwambia wenzo uko juu mno, aliushusha. Mwezi wa kwanza uliisha bila mtu kuumia, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea.

Kamba alikwenda nyumbani akamwambia binti yake, "Sasa mumeo anaweza kuja kazini."

Binti yake alikuwa amekataa kwa miaka mitatu. Alikuwa msichana mdogo siku ile ya ami yake, na aliliona shati lililorudishwa. "Baba, huyu ndiye niliye naye," alisema. "Ukimweka kwenye kamba, bora useme mapema niandae sanda."

"Si kwenye kamba. Atashika wenzo. Hapo hata bibi yako angekaa akafuma kofia."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Basi kijana akaajiriwa kushika wenzo. Kwa kuwa Kamba alimwita mkwe, ukumbi mzima ukamwita Mkwe, hata wale wasiomhusu. Shoka, ambaye ni ndugu yake wa tumbo moja, alimtania zaidi ya wote: "Mkwe, leo umemwamkia baba mkwe au umepita tu kama ndama?" Na Mkwe alijibu, "Nimemwamkia. Wewe je, umenawa uso, au hiyo ni damu ya jana?" Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kuimba, na aliufuta wenzo ule kila jioni utadhani ni baiskeli yake.

Sasa yaja makopo.

Watu wa chuo walitaka kujua kila siku watumiaji wanakionaje chombo. Mikono yenye damu na mafuta haishiki karatasi. Bi Futi akabuni njia aliyoiona nyepesi: makopo matatu ya bati kando ya bomba la kunawia. Moja lilichorwa uso unaocheka, la pili uso mkavu, la tatu uso ulionuna. Kila mtu akitoka kazini anatumbukiza nati moja ya chuma katika kopo linalofanana na siku yake. Hakuna jina wala kuandika. Jioni Bi Futi anahesabu.

Wiki ya kwanza, mchunaji mzee waliyemwita Ngozi alitumbukiza nati yake katika kopo la kununa, kwa sababu mabuti aliyopewa na mradi yalikuwa yanavuja. Kopo lile lilikuwa tupu. Nati ikalia ndani yake kama kengele ya shule. Watu wote waliokuwa bombani waligeuka, Bi Futi naye akainua kichwa, uso wake ukashuka.

Wakamkalia Ngozi wiki nzima. "Mzee, umeamkaje? Au bado umenuna?" "Mpisheni mzee wa kengele!" Na msimamizi wa machinjio, mtu mwoga aliyefurahia wageni kuliko alivyoifurahia kazi, aliwakusanya asubuhi moja Bi Futi akiwa bado hajafika.

"Watu wametuletea neema," alisema. "Wamekuja na vyombo, wamekuja na heshima. Mgeni hanuniwi. Atakayeipiga ile kengele tena, atafute machinjio mengine ya kununia. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Tangu siku hiyo kopo la kucheka lilijaa mpaka nati zilianguka juu ya nati kwa sauti ndogo isiyosikika, na kopo la kununa lilikaa siku sitini bila kitu. Kule chuoni waliandika kwamba watumiaji wameridhika wote. Hakuna aliyejiuliza ni kazi gani ya mikono, duniani humu, inayokwenda siku sitini bila kasoro. Bi Futi alipaswa kujiuliza. Alikuwa na elimu ya kutosha.

Kasoro ilikuwapo, na Kamba aliijua.

Mlango wa pembeni ulishikwa na komeo zito lililoangukia kwenye kishikio kwa uzito wake lenyewe. Kwa ng'ombe wa kawaida lilitosha. Lakini Kamba, ambaye macho yake yaliishi kwenye miguu na pembe za wanyama, aliona kwamba fahali mwenye pembe zilizoinamia mbele, kabla hajabanwa shingo, akigeuza kichwa ubavuni, ncha ya pembe inapita kati ya nondo na kuingia chini ya komeo. Akiinua kichwa, komeo linainuka nalo. Aliliona likiinuka kidole kimoja. Siku nyingine likainuka vidole viwili. Mlango ule ukifunguka, mtu wa kwanza mbele yake ni mshika wenzo.

Hakusema. Alitafuta waya, na kila asubuhi kabla ya kazi alilifunga komeo kwa mizunguko minne, akaupaka waya ule grisi nyeusi usionekane. Kila ulipofika wakati wa kutoa mzoga alijifanya anakagua mlango, akaufungua waya, kisha akaufunga tena.

Mkwe alimwona. "Baba, kwani hilo komeo lina nini?"

"Halina kitu. Nalisaidia tu."

"Si umwambie Bi Futi? Huyu dada ukimwambia jambo halali mpaka alitengeneze."

"Unataka nimpigie kengele mbele ya watu wote? Kaa na wenzo wako. Waya upo."

Mkwe akanyamaza, maana adabu haikumruhusu kubishana na baba wa mke wake. Adabu ile ilimponza. Mambo yanayoua si yote mabaya kwa sura. Mengine yana sura ya heshima kabisa.

Siku moja mchana, kazi ikiwa imekwisha, Bi Futi alikuwa anasafisha kizimba kwa ajili ya ugeni wa kesho. Watu wa machinjio mengine manne wangekuja kukiona kikifanya kazi, na baada ya hapo ingeamuliwa kama vitengenezwe vingine vingi. Kidole chake kilinasa kwenye waya. Akaufuata, akaukuta umezunguka komeo. Aliukata kwa koleo, akaja nao bombani ambako wote walikuwa wananawa.

"Nani amefunga huu?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. "Jamani, kama komeo lina shida niambieni. Nikiacha waya, nitajuaje kama komeo langu linafaa? Kesho wakilichukua kwenda kwingine, waya watatoa wapi?"

Maji yalimwagika bombani. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake, na alimtazama Kamba moja kwa moja, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Kamba?" Bi Futi aliuliza. "Wewe uko karibu na mlango kila siku. Lina shida?"

Neno moja lingetosha. Kamba alikuwa na nati mkononi. Mkwe alikuwa hatua tatu kutoka kwake, akijipangusa shingo, akimtazama. Kopo la kununa lilikuwa mbele yake, mdomo wazi.

"Halina shida, mama," Kamba alisema. "Ni watu wa usafi walifunga labda."

Akaiweka nati yake katika kopo la kucheka. Haikulia.

Asubuhi iliyofuata wageni walikuwa kumi na wawili, wamevaa makoti meupe na mabuti mapya, wamesimama nyuma ya uzio wa mabomba. Mkuu wa mradi aliwaeleza ngazi ambazo ubunifu hupanda, na kwamba kizimba hiki kilikuwa kimefika ngazi ya mwisho. Ng'ombe watatu wa mwanzo walipita kama maji. Wageni waliandika. Mkwe aliimba kidogo kati ya mnyama na mnyama.

Wa nne alikuwa fahali mwekundu, mabega kama ukuta, pembe zimeinama mbele. Kamba alimwona akiwa bado kwenye njia ya kuingilia. Alipiga hatua kuelekea mlango wa pembeni, mkono uko mfukoni kama kwamba waya ungali humo. Mfukoni hamkuwa na kitu; baada ya kukana jana, hakuthubutu kufunga mwingine.

"Mkwe!" aliita. "Bana mapema! Bana!"

Mlango wa nyuma ulishuka. Mkwe alivuta wenzo, lakini fahali alikwisha kugeuza kichwa, na vyuma vikabana hewa. Pembe ikapita kati ya nondo. Fahali akainua kichwa mara moja tu, na komeo likaruka juu.

Mlango ulifunguka na mnyama akatoka nao. Ukingo wa chuma ulimpiga Mkwe kifuani ukamtupa ukutani, na kabla hajateleza chini kichwa cha fahali kilikuwa kimemfuata. Pembe iliingia juu ya goti ikapanda ndani ya paja mpaka kwenye nyonga. Watu walisikia mfupa ukivunjika. Fahali alimbana ukutani, akarudi nyuma, akambana tena. Kila aliporudi nyuma Mkwe alikuja naye kama nguo iliyonasa msumarini, na sauti aliyoitoa haikuwa tena ya mtu anayeimba. Wageni walikanyagana kuelekea mlangoni. Mmoja alianguka kwenye mtaro akatambaa.

Kamba alirudi kuwa alivyokuwa kwa miaka ishirini na miwili. Kamba kuukuu bado ilikuwa imetundikwa. Aliichukua, akaingia chini ya tumbo la mnyama, akatupa kitanzi kwenye miguu ya mbele, akapitisha kwenye pete, akapiga kelele, "Vuteni!" Shoka na mchinjaji na Ngozi wakavuta mpaka mikono ikatoka damu. Fahali alipiga goti moja. Kamba alimrukia shingoni na kisu cha kuchunia, kisu kisicho chake wala cha kazi hiyo, akakata, na hakupata mahali, akakata tena, na tena, damu ikimpiga usoni na kumziba macho, mpaka uzito wote ule ukalegea chini yake.

Walimchomoa Mkwe kwenye pembe. Alikuwa hai. Mguu ulikuwa umeshikwa na ngozi na mishipa tu. Ngozi alivua mshipi wake akalifunga paja, na gari la nyama likamkimbiza hospitali, akiwa amelazwa juu ya magunia.

Kisha wakabaki wanaume kumi na wanne wenye visu, na Bi Futi.

Mkuu wa mradi alikuwa amejifungia ofisini. Walimwona kupitia kioo akipiga simu. Msimamizi hakuonekana. Bi Futi peke yake alikuwa amebaki kizimbani, amepiga magoti, akiliinua komeo na kulishusha, akiliinua na kulishusha, kama mtu asiye na akili.

"Ndiye huyu," mtu alisema.

Shoka alimshika kwa ukosi akamburuta mpaka mtaroni. Mwingine alimpiga teke la mbavu. Futi yake ilimtoka mfukoni ikajifungua kwenye damu. Shoka alikuwa ameshika shoka lake la kupasulia uti wa mgongo, na lilipanda juu.

"Panya ni nani?" alinguruma. "Niliuliza siku ya kwanza! Sema sasa! Panya ni nani?"

Kamba alijitupa kati yao. "Mwache! Komeo nililijua mimi."

Mikono ya Shoka ilibaki juu.

"Nililijua tangu mwezi uliopita. Waya ulikuwa wangu. Jana kaniuliza mbele yenu wote, nikamwambia halina shida. Mnapiga mtu aliyeuliza."

Shoka alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akaligeuza shoka, akampiga kwa kisogo chake. Pigo la kwanza lilivunja mtulinga. La pili lilifika kwenye taya, na meno mawili yakaenda kuungana na kidole chake. Wengine wakaja. Hawakumpiga kwa visu, na hilo ndilo pekee la kuwasifu. Walitumia mabuti na ngumi na ndoano za kutundikia, na walimpiga kama watu wanaotwanga, kwa zamu. Bi Futi alipiga kelele wamwache, hakuna aliyemsikia.

Kamba alitambaa mpaka bombani. Kwa mkono uliokuwa bado unatii aliyavuta makopo yote matatu yakaanguka. Nati zilimwagika sakafuni, mamia, zikaviringika mpaka kwenye mabuti yao. Zote zilitoka katika kopo moja.

"Okota yako," alimwambia Shoka kupitia damu. "Ulimwona kaka yako kasimama mbele ya mlango ule siku sitini. Na wewe unajua chuma. Uliliona komeo likicheza, au hukuliona? Okota nati yako uniambie ulikuwa unacheka nini."

Shoka alimpiga tena. Lakini lilikuwa pigo la mwisho, na halikuwa na nguvu. Alisimama akitazama nati chini. Ngozi, mzee wa kengele, alianza kulia kwa sauti, na hapo wote wakaanza kutazama pembeni, kila mtu akitafuta mahali ambapo mwenzake hayupo.

Hospitali walimkata Mkwe mguu juu ya goti. Nyonga ilibaki na vyuma. Kamba alilazwa wodi ileile, vitanda sita kutoka kwake. Binti yake alikuja siku ya pili. Alisimama miguuni pa kitanda cha baba yake, hakukaa.

"Wameniambia ulijua."

"Nilijua."

"Uliniahidi ukijua?"

"Nilipokuahidi sikujua. Nilipojua, sikukwambia."

Alimpiga kofi kwenye taya lile lililovunjika. Muuguzi alikimbia kumshika, lakini Kamba akamwashiria amwache. Binti alikwenda vitanda sita mbele akaketi kumlisha mumewe, na kwa wiki tano zilizofuata alipita mbele ya baba yake kila siku, asubuhi na jioni, bila kumwangalia. Mkwe ndiye aliyeinua mkono kila alfajiri na kusema, "Baba, shikamoo." Kamba alisema baadaye kwamba salamu ile ilimuuma kuliko kofi.

Mkuu wa mradi alileta karatasi. Iliandikwa kwamba ajali ilisababishwa na wafanyakazi kuingilia chombo kwa waya usioruhusiwa, na ilihitaji saini ya mhandisi. Bi Futi hakutia saini. Alikuja wodini, mbavu zimefungwa bandeji, akaketi kwenye benchi.

"Nimeandika yangu," alisema. "Nimeandika kwamba mlijua, na mkanyamaza."

"Ni kweli."

"Na nimeandika kwamba niliwapa njia ya kusema ambayo mtu mwenye aibu hawezi kuitumia. Nilisikia lile kopo likilia siku ya Ngozi. Nikaona mnavyomcheka. Niliona aibu kuliko yeye, kwa hiyo lilipokaa kimya nilifurahi. Sikutaka kununiwa, Kamba. Ndilo kosa langu."

Kamba hakumwambia pole, wala yeye hakuomba. Walikaa na kosa lao, kila mtu na nusu yake, na hakuna nusu iliyopungua kwa kuwekwa kando ya nyingine. Mwishowe Kamba alisema, taya likimsumbua, "Wasiweke kopo tena. Watu wetu hawasemi kwa kopo. Watasema kwa kile wanachokihitaji."

Mradi ulisimama miezi minne. Kizimba kiliporudi kilikuwa na pini nene inayoshuka kutoka juu, mahali ambapo pembe haifiki, na Bi Futi aliijaribu kwa mafahali kumi akiwa amesimama yeye mwenyewe mahali pa Mkwe. Msimamizi alikuwa amehamishwa. Kamba, ambaye bega lake halikuweza tena kurusha kitanzi, alipewa kazi ya kutunza kabati la visu. Na sheria ya kabati ilikuwa moja: kabla ya kazi, kila mtu anataja kwa sauti kasoro moja aliyoiona jana, kubwa au ndogo, ya chombo au ya mtu, Kamba anaiandika, ndipo anakabidhiwa kisu chake. Asiye na kasoro hana kisu. Na asiye na kisu hana kazi siku hiyo.

Asubuhi ya kwanza walipanga foleni. Ngozi alitangulia. "Mabuti yangu yanavuja," alisema. "Bado." Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mchinjaji alisema taa ya kushoto inamwakia machoni. Mwingine alisema mwenzake anakuja amelewa, na mwenzake alikuwa nyuma yake palepale, na wakatazamana kwa ukali mpaka Kamba akagonga kabati: "Nimeandika. Chukua kisu. Anayefuata. Wewe unayelewa, kasoro yako?"

Shoka alikuwa wa mwisho. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile. Alisimama mbele ya kabati, mikono kiunoni, na watu waliokwisha kupata visu vyao hawakuondoka.

"Kasoro," Kamba alisema.

"Kasoro ni wewe," Shoka alisema. "Wewe ndiye kasoro ya hapa. Kaka yangu hana mguu, na wewe unakaa kwenye kiti unatugawia visu. Kila nikiona uso wako nataka kuumaliza. Andika hivyo."

Kamba alichukua kalamu kwa vidole vilivyobaki. Aliandika polepole, neno kwa neno, akarudia kwa sauti kuhakikisha hajapunguza: "Kasoro ni mimi. Kaka yake hana mguu. Anataka kuumaliza uso wangu." Akauliza, "Ndivyo?"

"Ndivyo."

Kamba aliinuka. Alilitoa shoka kabatini kwa mkono mmoja. Alikuwa amelinoa mwenyewe jana, makali yalikuwa yanang'aa. Alilipitisha juu ya meza, mpini mbele, kisha akabaki amesimama pale pale, shingo wazi, hatua moja kutoka kwake.

Shoka alilipokea. Alilipima mkononi. Aliligeuza, akautikisa mpini.

"Mpini umelegea," alisema hatimaye. "Hukuuona?"

"Sikuuona."

"Andika na hilo."

Kamba akaketi, akaandika.